Amegoma Kuomba Radhi kwa Kuwarudisha Watu Salama

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mjini Takayama, Bi Nobue Hinokuchi amepiga magoti kwenye theluji kando ya basi, anakagua viatu vya watu. Nyuso hazitazami. Wageni kumi na wanne wamejipanga mstari, naye anapita jozi baada ya jozi, anabonyeza vidole, anavuta kamba.

Anafika kwa bwana mmoja wa makamo aliyetoka Osaka, anasimama.

"Hivi ni vya nini, baba?"

"Vya kutembelea, mama. Vipya kabisa."

"Vya kutembelea dukani. Nenda kwenye buti la basi, chukua vya kuazima. Na hizo soksi badilisha, zimeshalowa."

Yule bwana anacheka. Anaona Bi Nobue hacheki, anaenda kubadilisha.

Dereva, Mzee Kanji Ushimaru, ameegemea mlango na kahawa yake ya kopo. "Dada, utawavua na suruali?"

"Ikiwa ya pamba, ndiyo, ikilowa haikauki," anajibu Bi Nobue, na kweli kuna dada mmoja wa watu anarudishwa hotelini mbio kubadilisha jinzi.

Bi Nobue ana miaka sitini na moja. Anaongoza safari za siku moja kutoka mji huu wa zamani hadi bonde la Kurotani, ambako wageni huvaa viatu vipana vya kukanyagia theluji na kupanda hadi kwenye poromoko la maji lililoganda. Leo ni mara yake ya kwanza kupanda baada ya mwaka mzima, tena kwa sababu tu mwongozaji wa zamu ameangushwa na homa. Huenda ikawa mara ya mwisho pia.

Ndani ya begi lake, kati ya chupa ya chai na bandeji, mna karatasi nyeupe isiyo na neno hata moja. Ikifika saa kumi na moja jioni anatakiwa awe ameiandika na kuipiga muhuri wake wa jina, ambao huku ndio sahihi. Asipofanya hivyo, mkataba unaokwisha mwezi wa tatu hautaongezwa. Ndivyo alivyoambiwa na meneja wake, Bwana Morishige, kwa upole mwingi, jana mchana.

Karatasi hiyo ni ya barua ya kujuta. Ukichelewa kazini dakika sita, unaandika. Ukivunja kikombe cha mgeni, unaandika. Unataja kosa, unataja sababu, unamaliza kwa kuahidi kwamba hutarudia, mkubwa anaitia kwenye faili na maisha yanaendelea. Mzee Ushimaru anasema yeye ameandika kumi na moja.

"Moja ilikuwa ya mbweha," ananisimulia mimi mwandishi niliyekaa nyuma yake, huku akikata kona za mlimani. "Alikatiza barabara, nikafunga breki, supu ya mgeni ikamwagika. Nikajuta kwa niaba ya mbweha!"

Wala msidhani Bi Nobue ni mtu wa kiburi asiyejua kuinama. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, msichana wa kuwahudumia abiria kwenye mabasi ya watalii, glavu nyeupe na kofia ndogo, akiwaimbia nyimbo za njiani. Kuomba radhi ndiko kulikomlisha.

"Nimeomba radhi kwa mvua. Nimeomba radhi kwa foleni," anasema. "Mwaka mmoja maua ya masika yalichelewa wiki nzima. Nikasimama mbele ya watu arobaini, nikainama mpaka kofia ikaanguka, eti samahanini sana, maua hayajachanua. Jamani, mimi ndiye niliyeyachelewesha?"

Sasa kilichomshinda safari hii ni nini?

Ilikuwa Februari mwaka jana. Usiku mzima theluji ilianguka, sentimita sabini, na asubuhi likatoka jua safi kabisa. Bi Nobue alipanda na wageni kumi na wanane. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano wafike kwenye poromoko, wakatokeza chini ya mteremko mmoja mkali usio na mti.

Akasimama. Juu ya mteremko, vibonge vidogo vya theluji vilikuwa vinateremka vyenyewe bila kusukumwa na mtu, kila kimoja na mchirizi wake. Matawi yalianza kudondosha maji. Kipimajoto kwenye begi, kilichosoma nyuzi nane chini ya sifuri walipoanza, sasa kilisoma mbili juu. Akachomeka fimbo: chini ya theluji mpya, barafu ngumu, inayoweza kuitelezesha theluji yote ya juu iwafukie watu.

"Baba yangu aliendesha greda la kusafisha barabara ya bonde hili miaka thelathini," anasema. "Alikuwa akituambia, mkiona vibonge vinaanza kushuka, hata sentensi uliyoianza usiimalize. Ondoka."

Akawaambia wageni wanarudi. Loo! Kukawa na mzozo si mdogo. Watu walikuwa wametoka mbali, wamepanda treni mbili, wamelala hotelini. Mama mmoja akalia. Bwana mmoja akamuuliza kwa kejeli, "Mama, unaogopa jua?"

"Ndiyo, baba," alimjibu. "Naogopa jua."

Wakarudi. Na hapa ndipo mambo yalipomharibikia Bi Nobue, maana mlima haukumtetea. Ule mteremko haukuporomoka siku ile. Wala kesho yake. Theluji ilikaa pale pale mpaka ikayeyuka taratibu mwezi wa nne. Wageni tisa wakaandika malalamiko, kampuni ikarudisha nauli zao, na Bi Nobue akatakiwa aandike kwamba aliwageuza wateja njiani bila sababu ya kutosha.

Akakataa.

"Bosi akaniambia, lakini mbona hakuna kilichotokea? Nikamwambia, bosi, hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kisitokee kitu."

Wakamshusha stoo. Mwaka mzima ameosha na kukausha viatu vya kuazima. Kutoka yeni elfu kumi na sita kwa safari moja, akawa analipwa yeni elfu moja na sitini kwa saa, na mafuta ya taa ya kupashia nyumba joto akayanunua kwa akiba ya uzeeni. Lakini hilo halimuumi kama maneno ya watu. Kila mtu alimwambia andika tu, ni karatasi. Hata binti yake alimpigia simu kutoka Nagoya: "Mama, inama kidogo upepo upite."

"Nimeinama miaka arobaini, mgongo ninao mwepesi," anasema, na sauti inampanda mpaka wageni wa viti vya mbele wanageuka. "Lakini barua ile inatiwa kwenye faili wanalosomeshwa waongozaji wapya siku ya kwanza. Wataambiwa, msifanye kama huyu. Halafu siku moja mmoja wao atasimama pale pale, ataviona vibonge, atakumbuka barua yangu, atasonga mbele na watu wake. Hapo nitakuwa nimewaua kwa mwandiko mzuri. Siandiki!"

Saa nne na robo wageni wa leo wanafika chini ya mteremko ule. Mbingu ni ya kijivu, baridi nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Bi Nobue anachomeka fimbo hapa, anachomeka pale, anavua glavu na kuipapasa theluji kwa kiganja kitupu.

"Leo pamelala," anasema. "Tunapita mmoja mmoja, hatua ishirini kati yenu. Hakuna kupiga picha hapa, hata nyani apite amevaa kimono."

Bwana wa Osaka anauliza, "Na ungesema turudi?"

"Mngerudi."

"Na tungekataa?"

"Mngekataa huku mnarudi."

Wanacheka, kisha wanapita mmoja mmoja kama walivyoambiwa. Nusu saa baadaye wamesimama mbele ya ukuta wa barafu ya buluu, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa sita, wanakula matonge ya wali huku vidole vikiwauma. Bwana wa Osaka anaitazama barafu ile mpaka chai yake inapoa.

Jioni, basi likiteremka, Bi Nobue anaitoa karatasi na kuiweka juu ya paja. Mzee Ushimaru anamwona kwenye kioo, anapunguza mwendo kwenye kona ili mkono wake usitikisike.

"Hatimaye," anamwambia kwa sauti ya chini. "Afadhali, dada yangu. Afadhali."

Bi Nobue anaandika mistari michache, anatoa muhuri, anaupulizia pumzi ya moto na kuugandamiza.

Ofisini Bwana Morishige anaipokea kwa mikono miwili. Si mtu mbaya. Naye ana wakubwa zake, na mwaka huu wamemsumbua juu ya jambo hili mpaka amepungua mwili. Anasoma kwa sauti ya chini, na mimi nimesimama hapo hapo mlangoni nasikia.

"Februari mwaka jana. Joto lilipanda nyuzi kumi kwa saa moja na nusu. Vibonge vilikuwa vinateremka. Tulipanda wageni kumi na wanane na mwongozaji mmoja. Tulishuka wageni kumi na wanane na mwongozaji mmoja. Hali ikiwa hivyo tena, nitarudia."

Anasoma tena mstari wa mwisho.

"Bi Hinokuchi, mwishoni huwa tunaahidi kutorudia."

"Najua, bosi. Nimeandika nyingi."

"Hii itatiwa kwenye faili. Waongozaji wapya huwa wanalisoma."

"Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa."

Bwana Morishige angeweza kuirudisha. Badala yake anafungua kabati, anatoboa karatasi matundu mawili na kuitia kwenye faili pamoja na nyingine. Kuhusu mkataba, anasema, yeye hana kauli. Makao makuu yataamua kabla mwezi wa tatu haujaisha. Bi Nobue anainama, kwa adabu na kwa kina, kama alivyofundishwa akiwa na miaka kumi na tisa, kisha anatoka.

Nje Mzee Ushimaru anamsubiri na injini inanguruma. Akisikia kilichoandikwa, anajishika kichwa kwa mikono miwili, halafu anaanza kucheka mpaka machozi yanamtoka. Yeye anastaafu mwezi wa sita. Ana gari dogo la watu tisa, na Bi Nobue tayari amekwenda halmashauri kuchukua fomu za kuanzisha safari zake mwenyewe.

"Wakiniongezea mkataba, nitapanda nao. Wasiponiongezea, nitapanda na huyu mzee na kopo lake la kahawa," anasema akiingia garini. "Na ipo siku nitawageuza watu njiani tena, jua likiwaka, na kesho yake kusitokee kitu. Wanune wapendavyo. Wataninunia wakiwa hai."