Evarista anakitaka kiti cha kompyuta

Saa mbili asubuhi, jenereta ya misheni inakohoa mara mbili, inawaka. Evarista Kalinga, karani wa stoo ya dawa, anafunua kompyuta, anafuta vumbi kwenye vitufe, kisha anasogea pembeni. Liberatus anaingia, anavuta kiti, anakaa.

"Asante, dada," anasema bila kugeuka.

"Karibu," anajibu Evarista, meno kayauma.

Evarista, miaka 39, ametunza stoo hii nje ya mji wa Iringa kwa miaka kumi na miwili. Dawa ni aina 386, kila moja na kadi yake kwa mwandiko wake. Mwaka jana, 1978, daktari wa misheni alirudi kutoka likizo na kompyuta ndogo ya nyumbani, televisheni ya kuonyeshea maandishi na sanduku la kusomea diski. Akamchagua Liberatus aiendeshe, mtu wa Iyunga kule Mbeya, aliyekuwa na miezi minne tu kazini.

"Wivu? Ndiyo, wivu, andika hivyo hivyo," Evarista anamwambia mwandishi. "Huyu mimi ndiye niliyemwonyesha hata choo kilipo! Leo ananiambia, dada, usiguse."

Hakugusa, lakini macho nani angemzuia? Alipanga na kupangua makatoni yaleyale nyuma ya Liberatus wiki nzima. Aliyoyaona aliyaandika kwenye daftari: namba ya mstari kwanza, agizo baadaye, na mashine huanza na namba ndogo. Nyumbani akachora vitufe kwenye boksi la dawa, akazoeza vidole huku maharage yakichemka.

"Nilimuuliza, mama watoto, kinanda gani hicho kisicho na sauti?" anasema mumewe, Saulo.

Mwezi Machi mambo yakaharibika. Liberatus alisahau diski yenye orodha yote ya dawa mezani kwa Evarista, na stooni mwake hakuna kinacholala bila muhuri wa tarehe na namba ya leja. Akaigonga muhuri. Akachukua kalamu ya wino, akakandamiza juu ya ganda lake laini: 387.

"Nilitaka ijulikane iko chini yangu," anakiri.

Kesho yake asubuhi diski ilikuwa imeharibika kwa kukandamizwa; sanduku lilikwaruza tu, orodha haikutokea. Kazi ya miezi mitano ilikuwa imekwenda na maji, na Liberatus hakuwa na nakala.

"Dada, umeniua!"

"Na mimi uliniua tangu mwaka jana, ila sikupiga kelele."

Daktari alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Kadi zilikuwepo, lakini vifupisho vyake anavijua Evarista peke yake. Akaambiwa asome kwa sauti, Liberatus aandike. Evarista akagoma.

"Nilisema, kusoma nitasoma, lakini vidole vitakuwa vyangu."

Akakaa kwenye kiti siku tisa. Siku ya saba akaongeza mistari yake mwenyewe, ya kuonyesha dawa zinazokaribia kuharibika, jambo ambalo programu ya Liberatus haikulijua. Mashine ikakataa, ikataja kosa kwenye mstari wa 140. Akausahihisha.

"Ilipokubali nilipiga kigelegele, wagonjwa wakadhani kuna harusi."

Sasa Jumanne na Ijumaa kiti ni chake. Siku nyingine tatu roho inamuuma kama kawaida, wala hafichi.

"Ana wivu huyu dada, lo!" anacheka Liberatus. "Ila nikienda Mbeya kusalimia wazee, nikirudi nakuta mistari nisiyoielewa."

Kwa sasa Evarista anaandika programu ya kugawa dawa za zahanati ya Idodi. Liberatus hajaonyeshwa hata mstari mmoja.

"Nataka siku moja imshinde, aje aniulize," anasema.

Na atamjibu?

"Nitamjibu, si mdogo wangu? Lakini atasubiri kwanza nimalize kuandika."