Ndaki na Ng'ombe Wangu Kumi na Wawili

Kaka yangu Ndaki anatengeneza pikipiki Kharumwa, karibu na stendi, chini ya mabati manne yaliyofungwa kwa waya. Mguu wake wa kulia haukunjiki. Akikaa anaunyoosha mbele, na vijana wa bodaboda wanauruka wakipita. Amevuka miaka sitini. Hana mke, hana mtoto. Ana kikombe kimoja cha ushindi, anawekea nati.

Mimi ni mdogo wake. Naitwa Mama Jenifa, naishi Ushirombo, na shule sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na katekista kabla ya komunyo ya kwanza, nyingine nikazitafuta mwenyewe. Naandika habari za Ndaki kwa sababu zilikuwa zimeandikwa mahali, na mimi ndiye niliyesababisha zikafutwa.

Baba yetu alikufa mapema, Ndaki akawa mkubwa wa nyumba. Nilipofika miaka kumi na sita alikuja Nestory, mtu mzima wa Ushirombo, akatoa ng'ombe kumi na wawili ili anioe. Mimi sikuulizwa. Ng'ombe wale kila mtu alijua ni wa nini. Kwetu kijana huoa kwa ng'ombe wa dada yake, na Ndaki alikwishamwona binti wa kuoa. Lakini aliwaswaga mpaka mnadani, akawauza wote, akapanda basi kwenda Shinyanga kwa Rajnikant, muuza pikipiki na vipuri. Alirudi siku ya tatu akiendesha pikipiki nyekundu.

Mama alikaa chini uani, akashika kichwa. "Sasa utaoa nini, mwanangu? Utaoa tairi?"

"Hii itazaa, mama."

Haikuzaa. Ilikimbia. Wakati ule watafuta dhahabu walikuwa wanamiminika huku, na wenye pikipiki wakawa wanawabeba mpaka kwenye mashimo wakipitana kama vichaa. Rajnikant akaona hapo pa kuuzia bidhaa yake, akaanzisha mashindano. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, walizunguka mbuga ya Kharumwa, wakavuka mto mara mbili na kumalizia uwanja wa shule. Ndaki alishinda miaka mitatu mfululizo. Nimewahi kumwona. Alikuwa anasimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa, vumbi nyuma yake limefunika miti. Ilipendeza, siwezi kusema uongo.

Mwaka wa tatu alikuja mwandishi wa gazeti moja la Mwanza, gazeti ambalo sasa halipo. Alimpiga Ndaki picha na kumwandika ukurasa karibu mzima. Ndaki aliniletea ukurasa huo Ushirombo mwenyewe.

"Nitunzie, ilumbu," alisema. Ilumbu ndivyo Msukuma anavyomwita dada yake. "Kwangu kunavuja."

Niliubandika chumbani kwa uji wa muhogo, pamoja na magazeti mengine tuliyobandika ukutani ili udongo usitudondokee kitandani. Halafu nikaanza kuusoma, neno moja moja. Nilipofika katikati nikakuta hivi: "Pikipiki aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe." Nilirudia mara tatu, nikidhani nimekosea kusoma.

Mwaka wa nne Ndaki alianguka mtoni. Pikipiki ilimlalia, paja likavunjika, na pikipiki yenyewe ikabaki chuma chakavu. Mwezi huohuo mimi nilirudi nyumbani na Jenifa mgongoni, jicho moja limevimba mpaka likafumba. Nestory alikuwa anapiga. Wazee wakakaa kikao. Nestory akasema sawa, nibaki kwetu, ila yeye arudishiwe ng'ombe wake. Watu wote wakamgeukia Ndaki, aliyelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa mbao. Ndaki akageuza uso akatazama ukuta.

Nikarudishwa kwa Nestory. Nilikaa naye miaka kumi na mmoja mingine, mpaka shimo la dhahabu lilipomfukia huko Geita. Meno mawili ya mbele sina. Ndiyo maana sicheki.

Mwaka jana, Jumatatu moja, gari dogo lilisimama mlangoni kwangu. Akashuka dada wa miaka kama thelathini, miwani machoni, daftari mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si wa kwa Rajnikant?"

"Binti yake. Naitwa Heena. Kaka yako Ndaki ndiye aliyenielekeza."

Nilimkaribisha kiti. Kati ya sebule yangu na chumba cha kulala kuna pazia tu. Aliponyoosha miguu, vidole vyake viligusa pindo la pazia lile.

Alinieleza kazi yake. Mchana anauza vipuri dukani kwa baba yake, na muda uliobaki anaandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, kitabu kikubwa kisichokuwa na mwenyewe, kila mtu anaandika na kila mtu anaweza kumpinga mwenzake.

"Kama kikao cha ukoo," nikasema.

"Kabisa. Ila hakuna chakula."

Alikuwa ameandika kurasa nne za mbio za huku kwetu. Wa kwanza wa mbio za magari zilizowahi kupita Shinyanga, wa pili wa mbio za pikipiki za Kharumwa, wa tatu wa klabu ya waendeshaji, na wa nne wa Ndaki. Wenzake wakazijadili, upi unastahili kukaa na upi uondoke. Mbio za magari hakuna aliyezipinga. Za Kharumwa zilipita kwa shida. Kwenye klabu, mwandishi mmoja wa Arusha aitwaye George aliandika, "Klabu ya watu tisa wanaokutana dukani kwa baba yako si habari, ni familia." Heena alisoma hayo kwenye simu yake huku anacheka.

"Nikaufuta mwenyewe. Alikuwa na haki. Sasa amebaki Ndaki. Wamempa siku saba."

"Siku saba za nini?"

"Za kupata ushahidi. Wanataka magazeti mawili yaliyomwandika yeye mwenyewe. Moja baba analo. Kalenda ya duka haikubaliki kwa sababu ni sisi tuliichapisha. Kikombe hakikubaliki, ni sisi tulikitoa. Kaka yako ameniambia paja lake lina vyuma vinne, wakitaka ushahidi waje wapime." Akaacha kucheka. "Anasema gazeti la pili alikupa wewe."

Nilimuuliza, "Ukilipata utaandika nini?"

"Yaliyomo."

"Hata kama mwandishi alidanganywa?"

"Kama lipo gazeti jingine linalosema tofauti, nitaweka yote mawili."

"Na mimi nikikueleza pikipiki ile ilinunuliwa kwa nini?"

Aliinua kalamu, akanitazama vizuri. Nadhani aliona kuna jambo. "Samahani, mama. Maneno ya mtu hayatoshi, hata ya ndugu. Lazima yawe yamechapishwa mahali."

Basi nikaelewa. Jasho la Ndaki lingeingia kwenye kile kitabu kwa sababu lilichapishwa. Ng'ombe wangu wasingeingia. Miaka yangu kwa Nestory nani alikuja kuipiga picha?

"Mchwa walilila gazeti," nikasema. "Zamani sana."

Heena alishukuru, akanywa chai, akaondoka. Alipofika kwenye gari alirudi kuniachia namba yake, nikikumbuka lolote. Hakuwa ameniudhi kwa neno hata moja.

Jioni ile Ndaki akanipigia. Nilijua anakuja kulaumu, nikajiandaa kumjibu. Majibu nilikuwa nayo ya miaka thelathini.

"Heena ameniambia habari za mchwa," alisema. "Usijali, ilumbu. Na mimi kosa langu, kukupa karatasi uiweke kwenye nyumba ya udongo."

Nikahamishia simu sikio la pili, yeye akaendelea.

"Unajua huku vijana wananiita Mheshimiwa? Wote wameufungua ule ukurasa. Yupo mmoja ananisomea kila asubuhi kabla hajajaza mafuta." Alicheka. "Mimi sina mtoto. Nikifa, nani atasema Ndaki? Nikaona basi, jina litakuwa limekaa mahali. Ila wakiufuta, wafute. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula.

Siku ya tatu nilipokuwa natandika kitanda nilimtazama Ndaki kwenye gazeti pale ukutani, amekaa juu ya pikipiki, miguu yote miwili inakunjika. Nikamwambia kwa sauti, "Si ulitazama ukuta? Haya, na mimi natazama ukuta." Nilidhani nitasikia raha. Sikusikia. Nilimkumbuka yule binti aliyemtaka, ambaye baadaye aliolewa Mhunze, na jinsi Ndaki alivyopita njia za nyuma siku ya harusi ile. Ng'ombe wale walitumaliza sote wawili, mimi kwa kuolewa na yeye kwa kutooa. Jambo hilo nilikuwa nalijua siku zote. Nililiweka pembeni kwa sababu halikunisaidia kumchukia.

Siku ya tano sikulala. Siku ya sita, asubuhi, nikachemsha maji.

Nilidhani kwamba lazima karatasi yenyewe ifike Shinyanga. Gazeti ni gazeti, nikafikiri, mtu ataliamini vipi bila kulishika? Nikalilowesha kwa kitambaa cha maji ya moto, nikaanza kubandua pembeni kwa kisu cha jikoni, taratibu. Uji wa muhogo wa miaka ile umekuwa kama saruji. Upande wa chini ulikubali. Upande wa juu, penye jina la gazeti na tarehe, ulitoka na udongo, nikaona herufi zinasambaratika kwenye vidole vyangu kama majivu. Nikasimama. Nikajaribu kurudisha. Hazikurudi. Niliishia na vipande sita, picha imepasuka kifuani.

Nilivifunga kwenye khanga, nikapanda basi la Shinyanga. Heena alikuwa dukani. Nilivipanga mezani kwake, katikati ya plagi na minyororo ya pikipiki. Mzee Rajnikant alikuja na lenzi anayosomea namba za vipuri, akainama.

"Ndaki huyu," alisema. "Na lile ni jaketi langu! Hakurudisha mpaka leo."

Heena hakucheka. Aligusa kipande cha juu kwa ncha ya kucha. "Mama, tarehe iko wapi?"

"Imebaki ukutani. Imekuwa tope."

"Ukutani?"

"Chumbani. Lilibandikwa."

"Ungenipigia," alisema polepole. "Ningekuja kupiga picha ukutani palepale, lisiguswe. Picha ya simu ingetosha kabisa." Halafu akaelewa. Nilimwona anaelewa. "Siku ile nilipokuja lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Nyuma ya pazia."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuniuliza kwa nini. Laiti angeniuliza. Alipiga picha vile vipande, akaviandikia maelezo, akavituma. George alijibu kabla sijamaliza soda niliyopewa. Heena alinisomea bila kuficha. "Naamini mtu huyu alikuwepo na alishinda. Lakini chanzo kisichokuwa na jina wala tarehe, nani atakikagua? Nasikitika." Wengine watatu wakakubaliana naye.

Kesho yake ukurasa ukaondolewa. Ule wa mbio za Kharumwa umebaki, na ndani yake kuna jina la Ndaki kwenye orodha ya washindi, basi. Hakuna picha, wala mahali alipozaliwa, wala mto.

Nilikaa siku mbili, kisha nikaenda Kharumwa na vile vipande. Ndaki alikuwa anafunga mnyororo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kigoda, kwamba hakukuwa na mchwa. Nilimwambia lilikuwa ukutani miaka yote, na nilikaa nalo siku sita nikijua anahesabu siku.

Aliendelea kufunga mnyororo. "Ni kwa ajili ya ng'ombe?" aliuliza.

"Ni kwa ajili ya jasho lako." Nikatoa kile kipande chenye maneno yale, nikamsomea kidole kikiwa kwenye mstari.

Aliweka spana chini. "Mwandishi aliniuliza nimeipataje pikipiki. Watu walikuwa wamenizunguka, wamenibeba mabegani. Nikaona aibu kusema ni dada yangu." Alifuta mikono kwenye suruali, akaitazama. "Na siku ile ya kikao niliona aibu kukutazama. Heri wameufuta. Ulikuwa uongo."

Ilikuwa mara ya kwanza kunikiri hivyo tangu niolewe. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo miaka thelathini na zaidi, na ilipokuja nikatamani asingesema. Maana sikujua kama ni kweli anaona heri, au ananionea huruma. Uso wake ulikuwa umeanguka kama wa mtu aliyetoka kuzika.

Nilikaa kigodani. Baada ya muda alikuja kijana wa bodaboda akisukuma pikipiki, mteja wake akimfuata nyuma.

"Mheshimiwa!" kijana aliita. "Mbona sikuoni kwenye simu? Nilikuwa nataka kumwonyesha huyu mgeni, amenibishia njia nzima kwamba nakusifia bure."

Mgeni alicheka. "Nilimwambia fundi ni fundi tu."

"Wameufuta," Ndaki alisema. "Karatasi haikupatikana."

"Haikupatikana kabisa?"

"Iliharibika zamani. Lete hiyo pikipiki niione."

Kijana akanigeukia, akanisalimia shikamoo. Nikaitikia marahaba. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, mdomo ulikuwa wazi, na vile vipande vilikuwa mapajani kwangu ndani ya khanga. Nikaikunja khanga, nikavifunika.