Ukoo wa Samaki wa Mwanvita

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mwanvita Hamza kilikuwa mstari mweupe wa chumvi kwenye mkono wake wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Mstari huo ulionyesha maji yalipoishia kila alipoingiza mkono kwenye tangi, naye hakuufuta mpaka saa ya kwenda nyumbani. Tulikuwa Morogoro mjini, karibu kilomita mia mbili kutoka baharini. Mwenye chumvi ya bahari mwilini alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Kinole kwenye milima ya Uluguru, asiyejua kuogelea.

Kabla ya kazi hii aliuza mdalasini na pilipili manga sokoni. Miaka miwili iliyopita Dokta Gervas, mtafiti kijana kutoka Bukoba, alipanga nyumba jirani na soko hilo, akaijaza matangi ya kioo, kisha akatafuta mtu mwangalifu. Alimchagua Mwanvita baada ya kumwona akinusa kila fungu la mdalasini kabla ya kulifunga. Kazi ilikuwa kulisha samaki, kusoma kipimajoto mara sita kwa siku na kuandika kwenye daftari. Maji ya bahari yaliletwa na lori kutoka Bagamoyo, kwenye mapipa ya bluu.

Samaki wenyewe ni wa buluu, wa kwenye matumbawe, na hawazidi urefu wa kidole. Bahari inazidi kupata joto, na Gervas alitaka kujua kama samaki aliyekulia kwenye joto humrithisha mtoto wake uwezo wa kulivumilia. Nusu ya samaki walilelewa tangu wadogo kwenye nyuzi ishirini na nane, kama bahari walikotoka. Nusu nyingine walilelewa kwenye nyuzi thelathini na moja. Walipokomaa aliwaoanisha jike wa upande mmoja na dume wa upande wa pili, na watoto wote wakawekwa kwenye nyuzi thelathini na moja. Mwanvita alihesabu walioishi.

Mwanzoni hawakutaga. Gervas aliwawekea vipande vya bomba la plastiki, wakawa wanavizunguka tu. Mwanvita alipanda Kinole, akarudi na vigae vya chungu cha dada yake kilichovunjika, akavichemsha na kuvilaza chini ya matangi. Wiki haikuisha kabla mayai hayajaonekana.

"Wewe ungezalia kwenye plastiki?" alimuuliza Gervas.

Kosa liligunduliwa mwezi wa tatu mwaka huu, wakati wa chai ya saa nne. Daftari lilikuwa na safu moja yenye kichwa "Mzazi", kwa mwandiko wa Gervas, na Mwanvita aliijaza kwa neno moja, Joto au Kawaida. Watoto walioandikiwa Joto ndio walioishi kwa wingi. Gervas alikuwa akitueleza ripoti yake, Mwanvita na mimi, mwandishi niliyekuwa nikiwatembelea: uwezo wa kuvumilia joto unatoka kwa baba. Mwanvita akaweka kikombe chini.

"Baba yupi, daktari?"

"Baba wa hao watoto, mama. Huyu uliyemwandika hapa."

"Mimi sijaandika baba yeyote."

"Na hii safu ya mzazi?"

"Si mama yao? Mtoto utamwandika kwa nani mwingine?"

Gervas alifungua daftari, akalifunga. "Lakini dume ndiye anayelinda mayai! Jike akishataga anaondoka zake. Nilijua hilo liko wazi."

"Marehemu mume wangu alikuwa akiwapeleka watoto kliniki mwenyewe. Kwa hiyo wakawa wa ukoo wake?"

"Kwetu Bukoba ndivyo."

"Kwenu Bukoba hata mgomba una baba."

Tulicheka. Gervas alichelewa kidogo kucheka.

Kwa Waluguru, watu wa Mwanvita, mtoto ni wa ukoo wa mama, ambao wao huuita lukolo, na shamba hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Gervas ametoka kwa watu wanaofuata ukoo wa baba. Kila mmoja aliona neno "mzazi" halihitaji maelezo, na kwa miaka miwili hakuna aliyeuliza. Ripoti ilikuwa imesema kinyume cha daftari: kwa daftari, uwezo huo ulitoka kwa mama.

Gervas alimwamini. Wafadhili wa kazi hiyo hawakumwamini. Walijibu kwamba maandishi ya utafiti hayawezi kupewa maana mpya kwa maneno ya mdomo, wakatoa nafasi moja. Kabla ya mwezi wa tano kwisha, jike wa joto na dume wa kawaida wapigwe picha wakiwa pamoja, wapate watoto, na watoto waishi siku tatu kwenye nyuzi thelathini na moja. Wakiishi, daftari litakubaliwa kama Mwanvita alivyoliandika. Wakifa, kazi yote ya miaka miwili itawekwa kando na matangi yataondolewa.

"Sikuandika uongo hata mstari mmoja," alisema Mwanvita, kisha akaenda kulisha samaki.

Jike mmoja tu wa joto alikuwa bado anafaa, naye alikuwa ameanza kuzeeka. Wiki saba zilipita kigae kikiwa kitupu. Jumamosi iliyopita alitaga, mayai kama mia mbili. Gervas alitaka kumtoa dume, akihofia angeyala.

"Mwache ayapepee," alisema Mwanvita. "Ukoo si wake, lakini kazi ni yake."

Dume ameyapepea kwa mapezi yake tangu hapo, na yaliyoharibika ameyang'oa moja moja.

Leo ni Jumanne, siku ya nne, na samaki hawa huanguliwa siku ya nne giza likiingia. Mchana huu macho yameonekana, nukta mbili za fedha ndani ya kila yai. Kipimajoto kinasoma thelathini na moja. Gervas ameshapiga picha mara kumi na moja. Mwanvita amechora ukurasa mpya wenye safu tatu. Kwenye safu ya Mama ameandika Joto, kwenye ya Baba ameandika Kawaida. Ya tatu, Walioishi, haina kitu. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Amezima taa ya tangi na kuvuta kigoda karibu na kioo, mstari wa chumvi ukiwa bado mkononi.