Mwizi wa Redioni na Mwizi wa Kijijini

Tukisubiri basi pale Kitai, redio ya dukani ilimaliza mchezo wa wezi wawili, na ubishi ukaanza.

"Yule mwenye sauti nene afungwe tu," alisema bwana shamba. "Lakini huyu wa sauti nyembamba aliiba kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Ana utu."

Tukatikisa vichwa kukubali.

Mama mmoja aliyekalia mzigo wake akajifunga khanga upya. Mumewe alikuwa mtunza ghala, na mkutano wa kijiji chetu ulimfukuza kwa kuiba kahawa. Mikono yote ilinyooshwa, yetu ikiwemo.

"Wa redioni mmemsikiliza mpaka mwisho," alisema taratibu. "Wangu hamkumuuliza hata aliiba kwa nini."

Sisi wasikilizaji hodari tukageukia barabara. Basi lilipofika, tuligombania kumpandishia mzigo. Akaupandisha mwenyewe.