Baraza lilipobishana: tulishe wajane au tuweke walinzi? (Upareni, enzi za Mwingereza)

Wakuu, marahaba.

Najua hamjanisalimia, ila kwa umri wangu naanza na marahaba kabisa, shikamoo zenu nitazikuta huko chini.

Nimesoma humu mnavyotoana macho tangu juzi. Huyu anasema pesa za kaya maskini zikanunue magari ya polisi. Yule anasema sukari haishikiki na vibaka wamezidi. Mwingine kamwita mwenzake mvivu.

Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia uzi, lakini naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu. Kwa umri huu niongope ili nipate nini?

Mabishano yenu haya niliyasikia nikiwa msichana, milimani huko juu ya Same, Mwingereza akiwa bado anatawala. Kijiji sikitaji, mbele mtaelewa kwa nini.

Kwetu kulikuwa na shamba moja la wote. Lilinyweshwa na ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji ya mlimani, na lililimwa kwa msaragambo. Yaani pembe ikipigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Mavuno yake waligawiwa wasio na nguvu: wajane, vilema, wazee ambao watoto wao walikwenda kwenye mkonge wakasahau kurudi.

Mama yangu alikuwa mjane. Makande ya nyumbani kwetu yalitoka humo. Wala hatukuona aibu, jembe letu lilionekana kila msaragambo.

Sasa ukaja mwaka mgumu. Chumvi juu, mafuta ya taa juu, kaniki ndiyo usiseme, na kodi ya Mwingereza haikuuliza kama mvua imenyesha.

Watu wakaanza kuibiwa. Leo mkungu wa ndizi, kesho mahindi mabichi, na mara nyingi siku ya gulio, wakubwa wakiwa wameshuka Same. Hofu ikaingia. Watu ambao milango yao ungeisukuma kwa kidole wakaanza kuulizia bei ya makufuli.

Jumbe akaitisha baraza.

Aliyeongea kuliko wote nitamwita Sauti, kwa sababu alikuwa nayo. Jina lake halisi nalificha maana wajukuu wake wamo humu, na wengine wananipa laiki.

Sauti akasema wezi ni wafugaji wa kule tambarare. (Mfugaji apande mlima wote ule kufuata mahindi mabichi? Haya.) Akasema mavuno ya shamba la wote mwaka huu yasigawiwe, wapewe vijana wenye marungu watulinde.

"Tutawalishaje wasiozalisha huku sisi tunaibiwa?" akauliza.

Watu wakaitikia. Na hawakuwa watu wabaya, wakuu. Walikuwa na hofu, na walikuwa na watoto.

Mimi nilikuwa nyuma na wanawake. Asubuhi ile mama alishaniambia kwamba chakula kile kikienda kwa walinzi, itabidi nishuke Same kuwa yaya kwenye nyumba za watu, yeye abaki peke yake. Sikutaka kabisa kumwacha.

Mara nikamwona mama anasimama. Siku zile mwanamke kusimama barazani ilikuwa habari.

"Shikamooni wazee. Hao walinzi mtawapa nini?"

"Mahindi na maharage ya shambani," jumbe akamjibu.

"Hayo mimi nayala siku zote. Basi nipeni na kazi yake."

Baraza zima likacheka. Sauti akamuuliza mwizi atampiga kwa kitu gani, kwa mwiko?

"Simpigi," mama akasema. "Nitakaa tu pale njia inapotokea."

Jumbe alikuwa mtu wa utani, na nadhani hata yeye hakuwaamini sana vijana wake na hayo marungu. Akasema mama ajaribu mpaka mavuno.

Hapa niwaeleze watoto wa mjini. Kijijini kwetu ukimkuta mzee njiani humpiti hivi hivi. Ukiwa na mzigo unautua chini, ndipo unasalimia. Na salamu haikuwa mambo, poa. Unaulizwa mke, watoto, ng'ombe, mama mzazi, mmoja mmoja. Na shamba lile lilikuwa na njia moja tu, upande wa pili ni korongo.

Mama akaweka kigoda chake pale, na ungo wa kuchambulia maharage.

Siku moja ya gulio nilikuwa nampelekea chakula cha mchana. Nikaona mtu anatokea kwenye mahindi na gunia begani. Sauti mwenyewe!

Angekuwa mlinzi mwenye rungu, Sauti angemkimbia. Mama hakuweza kumkimbia. Miguu ilisimama, gunia likashuka, nikasikia mahindi yakigongana ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Za nyumbani?"

"Njema."

"Mama watoto amejifungua?"

"Amejifungua. Wa kike."

"Maziwa anayo?"

Mtu aliyezoea kulijaza baraza aliangalia vidole vyake vya miguu. Nilikuwa na hasira naye tangu siku ile ya mwiko. Ziliniishia palepale.

"Beba mzigo wako," mama akamwambia. "Nitaufidia kwenye fungu langu. Na siku ya kugawa mwambie mkeo aje. Mzazi hana nguvu, shamba hili ni lake pia."

Alipoondoka mama akanigeukia.

"Umeona nini?"

"Nimeona mtu anasalimia."

"Haya, leta chakula."

Siku ya kugawa mama alichukua fungu dogo. Watu wakamshangaa, akasema mwaka huu hana njaa. Mke wa Sauti naye alikuja, kichanga mgongoni.

Sitawadanganya kwamba wizi uliisha kijiji kizima. Ndizi ziliendelea kupotea hapa na pale. Lakini shamba la wote halikuguswa tena.

Baada ya mavuno mtu mmoja akafufua ile hoja ya marungu. Sauti akasimama. Nikamshika mama mkono.

"Mlinzi tunaye," akasema, akakaa. Hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Mimi sikwenda kuwa yaya. Same nilishuka miaka ya baadaye, kuolewa, mama akinisindikiza huku anaimba njia nzima. Hadi leo nikiukumbuka wimbo ule nacheka peke yangu.

Somo nililolipata ni hili. Sisemi polisi wasinunuliwe magari. Ila mnabishana kana kwamba wenye njaa wanaishi kijiji kingine. Mwizi wetu alikuwa na mtoto mchanga ndani, na mlinzi wetu alikuwa yuleyule mjane mliyesema anakula bure.

Anayetaka kunipinga aje, siogopi mabishano.

Ila kwanza tua mzigo, unisalimie.