Baba wa Kitanda cha Pili

Mimi ni mtu wa kushtuka. Mke wangu kule Natta husema hata kuku akiruka ghafla nashika kifua, na hilo ni jambo la ajabu kwa mtu anayelipwa kuwaonyesha wageni simba. Kambi yetu ya watalii ilipoamua kunipeleka Amman nikasome Kiarabu, kwa kuwa wageni wa kutoka nchi za Ghuba wameanza kuwa wengi na hakuna wa kuongea nao, nilijua nitashtuka tu. Nikashtushwa na baridi. Nikashtuka kuona maji ya bomba yanakuja mara moja kwa wiki, yanajazwa kwenye matangi juu ya paa, na mkiyamaliza mapema ni shauri lenu. Nikamshangaa mwalimu wetu, mama mtu mzima, alivyokuwa akisahihisha Kiarabu changu huku anacheka mpaka anafuta machozi.

Hayo yote yalikuwa madogo.

Kwenye fleti tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa Mwindonesia, mwanafunzi wa dini, mtu wa kufagia kila asubuhi na kutopandisha sauti hata mara moja. Huyo alikuwa na chumba chake. Chumba kikubwa tulilala wawili, mimi na kijana Mkurya wa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, aliyekuja kusomea ukalimani. Hebu fikiria furaha yangu. Natoka Gorong'a nilikozaliwa, navuka bahari na jangwa, nafungua mlango wa fleti nisiyoijua, na anayenipokea begi ananiambia "mura", vile vijana wa kwetu wanavyoitana.

Tuliulizana ukoo siku hiyohiyo, na ukoo ukawa mmoja. Tukakumbatiana, tukapika ugali wa unga aliouficha kwenye sanduku la nguo. Tangu hapo tukawa kama pete na kidole. Nilikuwa namzidi umri, tena si kidogo, ila alikuwa na kichwa chepesi kwenye Kiarabu, na jioni alinikalisha karibu na hita ya gesi ananirudishia sentensi mpaka zinanyooka. Bila yeye ningerudishwa nyumbani kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Na kama wanaume wanaoishi pamoja, hatukuwa na adabu yoyote. Tulipitana na chupi, tulitaniana mambo ya wanawake, tulinyoana. Maji yakipungua tulioga pamoja kwa ndoo moja ili yatoshe.

Kitu kimoja hatukuulizana. Kwetu mtu huzaliwa kwenye ukoo na huzaliwa pia kwenye kizazi. Kizazi hakiangalii miaka, kinafuata cha baba yako. Kitinda mimba wa mzee wa siku nyingi anaweza kuwa kizazi kimoja na baba yako wakati wewe umeshaota mvi. Basi huyo ni baba yako, na hakuna mzaha hapo. Kati ya baba na mwana kuna kitu tunakiita ensoni, yaani aibu na heshima vikiwa pamoja. Hamwonani uchi. Hamzungumzi uchafu. Mwana hakai hata kwenye kitanda cha baba yake. Sisi tulitazamana usoni, tukaona mimi ndiye mkubwa, tukadhani yatosha.

Baba yangu alipiga simu ya video siku ya mapumziko. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akauliza ng'ombe wa huku wanakula nini kama nchi yenyewe ni mawe matupu. Nikamwambia ninaye kijana wa ukoo wetu, nikamgeuzia simu. Wakaanza kwa Kikurya. Baba yako nani, babu yako nani, alitahiriwa na akina nani, nyumba yenu ni ipi. Nilikuwa nakaanga mayai, nawasikia kwa sikio moja. Ghafla nikamsikia baba anamwita kijana yule "ndugu yangu." Akataka nirudishiwe simu.

"Huyo ni baba yako," akasema. "Mnalala wapi?"

Nilitazama vile vitanda viwili, hatua moja kutoka kimoja hadi kingine, na chupi yangu ikikauka juu ya kichwa cha kitanda chake. Mayai yakaungua. Kila utani niliowahi kumtania ulirudi kichwani, na ile ndoo ya kuogea ndiyo iliyonitoa jasho kabisa. Baba aliniagiza nimtafutie mzee huyo heshima yake, akakata simu.

Mzee mwenyewe alikuwa amelala chali kitandani anacheka, miguu hewani. "Wewe mura, usinifanyie hivyo," aliniambia. "Hiyo ni mambo ya wazee huko nyumbani. Hapa hakuna mtu anatujua."

Mimi nilihamishia mablanketi yangu sebuleni siku hiyohiyo. Nikawa nabisha hodi kabla ya kuchukua soksi zangu. Nikaacha matusi. Kwanza alifurahia. Alianza kuniita mwanangu na kunituma mkate, na kilichonikera zaidi ni kwamba nilikuwa naenda. Nilishuka ngazi zote zile kwenye baridi, nimenuna, na mkate nikaununua. Mwindonesia akaniuliza kwa upole kama tumegombana. Nilijaribu kumweleza kwa Kiarabu kwamba yule kijana ni baba yangu, akanitazama kwa huruma, akaenda kunichemshia chai.

Baadaye vicheko vikaisha. Masomo ya jioni yakawa ya kukaa mbali, yeye kwenye kiti, mimi chini, kila mtu na kitabu chake. Jioni moja alifunga kitabu. "Umenizeesha," akasema. "Sina mtu wa kuongea naye huku. Nilikuwa naye mmoja tu." Iliniuma sana. Nilitaka kurudi chumbani, wallahi nilitaka, lakini miguu ilikataa.

Kisha akaugua. Ilianza tumbo darasani, jioni hospitalini wakasema ni kidole tumbo, akapasuliwa. Akarudishwa kwenye fleti amejikunja, ana mshono chini kabisa ya tumbo upande wa kulia, na muuguzi amesisitiza usafi, kwamba uchafu ukiingia pale ataanza upya na pengine vibaya zaidi. Mwindonesia ndiye aliyemsaidia siku za mwanzo. Lakini safari yake ya Umra ilikuwa imeshapangwa, akaondoka akiniachia maelekezo kuhusu bandeji na supu.

Kesho yake mchana nilitoka darasani, nikabisha hodi, nikaambiwa nisiingie. Harufu ilikuwa imeshafika sebuleni. Dawa zilikuwa zimemharisha, alishindwa kuinuka, na alikuwa amelala kwenye uchafu wake sijui tangu lini. Nilisukuma mlango kidogo. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka shingoni, amelishika kwa mikono miwili.

Nikamwambia nitapasha maji nimsafishe, kwa sababu mshono utaoza. Akakataa. Akataka nimwite mlinzi wa jengo. Nilishuka, mlinzi hayupo, mke wake akasema amekwenda mjini. Nikarudi na kumwambia hakuna mtu mwingine, ni mimi tu. Na hapo ndipo niliposhtuka kuliko siku zote za maisha yangu, kwa sababu kijana yule aliyenicheka, aliyesema hayo ni mambo ya wazee, aligeuzia uso ukutani akaongea Kikurya safi ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

"Usinifunue," alisema. "Wewe ni mwanangu."

Nilitoka nikampigia baba. Nilimweleza yote haraka haraka, nikamuuliza nifanye nini. Simu ilikuwa safi, nilisikia hadi mbuzi wanalia uani kwake. Halafu akasema hanisikii, mtandao mbaya, akakata. Nikapiga tena, akawa amezima.

Nilisimama sebuleni na simu mkononi, nina hasira na baba, nina hasira na kambi na Kiarabu chao. Maji niliyoyabandika yakachemka, nikayapoza kwa ya baridi kwenye beseni. Kwenye kiti kulikuwa na kilemba cheupe cha Mwindonesia. Nikakichukua, nikajifunga macho mbele ya mlango ili anione nikijifunga, nikakaza mpaka sikuona hata mwanga. Nikaingia na beseni nikipapasa njia kwa mguu.

Niliweka beseni chini, nikasubiri. Kisha nikasikia blanketi linafunuliwa.

Akawa ananielekeza. Juu kidogo. Hapana, hapo ni kitandani. Sasa shuka, ivute kwako. Karibu na mshono alinishika kiganja, akakiongoza mwenyewe, na tulipofika pabaya zaidi aliniachia kitambaa akafanya kwa mkono wake, anahema. Nilimshika mgongo asianguke. Kwa wiki nyingi nilikuwa namwogopa mtu mzima, na sasa chini ya mkono wangu kulikuwa na mifupa ya bega ya mtoto wa watu, mwembamba, anatetemeka. Kilemba kililowa usoni kwangu. Nilikiacha hivyohivyo.

"Tata," nikamwambia, kama ninavyomwita baba yangu, "inua mkono." Akainua.

Nilimvisha, nikamlaza kwenye kitanda changu cha zamani kilichokuwa kikavu, nikakusanya shuka kwa kupapasa. Nilikuwa nimefika mlangoni, bado nimefunga macho, beseni mikononi, aliponiita. Sauti yake ilikuwa imechoka, na haikuwa na utani hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "umekula?"

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikasema, "Bado, tata."

"Basi nenda ukale," akasema.