Gongo la Mkonge Halina Sauti

Kwanza naomba mnivumilie. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi nyingine huenda nimeziruka, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Naandika polepole. Haya yamenichukua majuma mawili, kwa penseli, saa zile ambazo wateja hawapo. Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli hapa Kimamba.

Nataka kusimulia wivu wangu kwa jirani yangu. Yeye sasa analipwa kucheza kriketi Dar es Salaam, na mimi ninaziba pancha.

Kriketi tulifundishwa shule ya msingi. Mwalimu wa michezo aliujua mchezo huo tangu chuoni, akaja na mpira mmoja mwekundu, mgumu kama jiwe. Gongo la kupigia hakuwa nalo. Tukachonga la kwetu kwa mlingoti wa mkonge, ule unaochomoza katikati mkonge ukizeeka. Ukikauka huwa mwepesi na panga linaukata bila taabu. Kasoro yake ni moja tu: hauna sauti. Ukiupiga mpira sawasawa unasikika "puu". Ukiupapasa pembeni, hasikii mtu.

Na huko kupapasa ndiko kunakomponza mpigaji. Gongo likigusa mpira hata kidogo, na mdakaji wa nyuma akaudaka kabla haujadunda, mpigaji ametoka. Sasa refa atajuaje, na gongo ni la mkonge? Anayejua ni mwenye mikono. Ndiyo maana kwetu ilikuwa desturi: ukigusa unasema mwenyewe, "Nimegusa," unalaza gongo chini, unatoka. Aliyeficha na kugundulika aliokota mpira kwenye miiba mechi tatu. Hatukuuita uungwana. Ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni.

Jirani yangu ni wa familia iliyohamia na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa. Sisi ni wenyeji, wakulima wa mpunga na mahindi. Yeye ni mrefu, mcheshi, anazoeana na kila mtu. Mimi hata mtoto akiniamkia shikamoo, marahaba yangu haifiki masikioni mwake. Lakini kwa gongo nilimzidi. Mwalimu alisema mbele ya darasa zima, "Wewe una macho, mwenzako ana mdomo." Sentensi hiyo nimeitunza mpaka leo.

Miaka michache baada ya kumaliza shule, kocha kutoka Dar alikuja Kilosa kutafuta kijana mmoja wa kumpeleka kambini, na baadaye kwenye timu inayolipa. Mmoja tu. Vijana wa Kilosa wangecheza na sisi wa Kimamba, yeye akitazama. Nilimpakia jirani kwenye karia ya baiskeli yangu. Njia nzima alipiga soga, na mimi nilikanyaga pedali nikijiona tayari niko Dar.

Tulipewa magongo ya kweli na gadi za kukinga miguu. Jirani alitangulia kupiga. Wa Kilosa wakamwanza.

"We mchunga ng'ombe, hilo gongo si fimbo!"

"Leteni mpira," akajibu. "Ng'ombe wangu wana mbio kuliko mrushaji wenu."

Uwanja ukacheka, kocha naye akacheka. Mpira uliofuata ulipita karibu kabisa na gongo lake ukadakwa nyuma. Wakati huohuo treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi stesheni, hakuna aliyesikia kitu. Refa akatikisa kichwa: aendelee. Jirani akanyanyua mkono.

"Nimegusa, refa."

Akatoka. Watu wakapiga makofi. Wale waliomtania wakamkimbilia kumshika mkono. Kocha alisimama, akaandika kwenye daftari lake.

Mimi nilikuwa nafunga gadi. Nilijiuliza wanashangilia nini. Nimesema "nimegusa" mara ngapi nyuma ya shule yetu, na nani aliniandika kwenye daftari?

Zamu yangu ikafika. Nilipiga vizuri, mnaweza kuwauliza hata wa Kilosa. "Huyu bubu mmemtoa wapi?" walisema. Zilibaki mbio chache tu, ndizo pointi za kriketi, tushinde. Mrushaji akaleta mpira wa chini, ukagonga gadi ya mguu wangu wa kushoto, ukaruka mikononi mwa mdakaji. Wakapiga kelele wote. Refa akatikisa kichwa. Nilikuwa salama. Mikono yangu ilijua kwamba gongo halikugusa kitu.

Lakini macho yangu yalikwenda kwenye daftari la kocha. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nimegusa."

Nikalaza gongo, nikaondoka polepole ili wapate nafasi ya kupiga makofi. Wakapiga wawili watatu, kama watu wanaofukuza mbu. Aliyenifuata alitolewa kwa mpira wa kwanza. Tukafungwa.

Kocha alinifuata mahali nilipokaa.

"Kijana, mpira ule umegonga gadi. Nimeuona. Kwa nini umetoka?"

Nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Lakini sijapata jibu."

Akafunga daftari. Hakumwambia mtu. Jioni ile akamtaja jirani.

Tukarudi kwa baiskeli ileile, yeye kwenye karia. "Mwanangu, leo umenikosha," akaniambia. "Refa kakukubalia ubaki, wewe unatoka! Kimamba tumewafundisha adabu." Baiskeli ilikuwa nzito siku hiyo, na mizigo yangu naijua.

Tangu hapo mama yake akileta baiskeli yake kwangu, huja na simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu mwone mwenzio."

Namtazama, amevaa jezi yenye jina lake mgongoni. Mama mtu hutabasamu, na mimi hutafuta kasoro. Ameongezeka kitambi. Mguu wa kushoto anauchelewesha. Akitolewa mapema, siku hiyo naimba nikifanya kazi. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyo.

Majuma mawili yaliyopita alinipigia simu mwenyewe.

"Mwanangu, nina jambo. Huku tumeambiwa hakuna kujitoa. Refa yupo kwa kazi hiyo, na sisi tunalipwa kubaki. Basi juzi nikagusa. Refa hakusikia. Nikabaki, tukashinda. Wananipongeza, lakini chakula hakipiti. Na hawa wote nishawasimulia habari yako, ile siku ya Kilosa. Wewe ungefanyaje?"

Nawaambieni ukweli: kwanza nilifurahi. Nikasema moyoni, kumbe na wewe! Halafu nikaelewa ameniuliza nini, na ananiuliza kwa sababu gani. Nikamwambia, "Nina mteja, nitakupigia." Mteja hakuwepo. Sijampigia mpaka leo.

Penseli nilianza kuishika siku hiyohiyo, maana kwenye simu najijua, nitaishia kusema salamu. Jumamosi mama yake anapanda treni kwenda kumwona, na karatasi hii ataibeba yeye. Jirani, ukifika hapa: siku ile mimi sikugusa. Nilitaka makofi kama uliyopigiwa wewe. Wewe peke yako ndiye uliyetoka kwa haki, na hao wenzako warudie uwasimulie upya. Mtu wa kukufundisha uungwana usimtafute kwangu.

Nimeinakili mara mbili, na hii nyingine ni yenu mnaosoma. Swali lake bado liko wazi, mimi sina jibu. Kama kuna aliyewahi kucheza mchezo wowote kwa kulipwa, au anayejua waliocheza, aniandikie: mtu akigusa na refa hajaona, aseme au abaki? Andikeni hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma polepole, na nitampelekea.